Vumbi la Karatu na Kikopo cha Manukato

Mjadala wowote kuhusu ngozi ya mtu wa Karatu sharti uanzie kwenye vumbi. Udongo wetu ni mwekundu, zao la volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na ndio uliotupa ngano ya Mbulumbulu, mbaazi, mahindi na kahawa ya Oldeani. Kiangazi kikishika, udongo huohuo hupanda hewani na kutua kila mahali: kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye kope, na zaidi ya yote kwenye visigino na viwiko. Hautoki kwa maji matupu. Tena Karatu iko juu, na baridi ya Juni na Julai huikausha ngozi mpaka ikapauka na kupasuka, kisha vumbi likajaa kwenye nyufa. Nayatanguliza haya kwa sababu siku hizi, kikitajwa kikopo cha skrabu yenye manukato, wengi husema mara moja kwamba hayo ni mambo ya watalii, yameshuka nao kwenye magari yao ya safari. Mimi naona vingine. Kujisugua tulikuwa nako, na harufu nzuri tulikuwa nayo. Kilichobadilika katika miaka hii arobaini au hamsini ni kwamba vitu hivyo viwili vimewekwa pamoja, vikageuzwa bidhaa, na faida yake ikahamia mikononi mwa watu wengine.

Waliokua wakati Karatu ingali sehemu ya Wilaya ya Mbulu, yaani kabla ya mgawanyo wa katikati ya miaka ya 1990, wanazikumbuka zana za kazi hiyo. Gunzi la mahindi lilitangulia zote, maana lilipatikana katika kila nyumba na halikuwa na bei. Lilichaguliwa lililokauka vizuri, likaloweshwa kidogo, likapakwa sabuni. Vile vishimo vilivyobaki baada ya punje kupukuchuliwa hushika povu, na kingo zake hukwaruza uchafu, lakini gunzi lenyewe huanza kulika kabla halijaichuna ngozi. Kwa kisigino kilichokuwa sugu zaidi kulikuwa na jiwe lenye vinyweleo, na katika nchi ya volkano jiwe la namna hiyo halitafutwi mbali. Wenye uzio walipanda dodoki likatambaa juu yake; likishakauka lilimenywa, mbegu zikakung'utwa, nyuzi zikabaki. Na kulikuwa na katani, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893 kwa ajili ya kamba. Kipande cha gunia kuukuu kilifumuliwa kikafungwa fundo, kikawa cha kusugulia mgongo. Kazi yote hii haikuitwa urembo. Ilikuwa usafi, na usafi ulikuwa na askari wake: mama nyumbani jioni, na mwalimu wa zamu shuleni asubuhi ya ukaguzi, aliyetazama kucha, kola na visigino kwa mpangilio huohuo kila wiki. Aliyesuguliwa hakuulizwa kama anasikia raha.

Harufu ilikwenda njia yake. Wamaasai wa Ngorongoro wamekuwa wakitumia majani ya leleshwa, kile kichaka chenye rangi ya majivu ambacho ukifikicha jani lake hutoa harufu kali kama ya kafuri. Waliyabana kwapani, wakayalalia, wakajifutia. Wamaasai hao, na Wadatoga walio upande wa Eyasi, walijipaka mafuta ya wanyama na siagi ili ngozi isipasuke kwa jua na upepo, na moran wa Kimaasai akayachanganya mafuta na udongo mwekundu kwa heshima ya rika lake. Huku bara, basi, kulikuwa na kusugua kwa ajili ya kuondoa, na kupaka kwa ajili ya kulinda na kunukia, wala sijui sababu yoyote ya kulazimisha mambo hayo mawili yawe moja. Pwani ndiko yalikoungana zamani. Singo ya Unguja ni asmini, waridi, mlangilangi, mrehani na liwa vilivyokaushwa na kusagwa, kisha vikaloweshwa kwa marashi na kusuguliwa mwilini mwa bibi harusi siku za mwisho kabla ya ndoa. Anayesugua ni somo, mwanamke mtu mzima ambaye katika kazi hiyohiyo humfundisha mwari mambo ya unyumba. Kwa hiyo anayesema kwamba unga wenye harufu unaochubua ngozi iliyokufa ni uvumbuzi wa maduka ya Ulaya amesahau kwamba Mtanzania wa mwambao alikuwa nao kabla ya maduka hayo. Tofauti ni kwamba ule wa pwani haukuuzwa kwa kikopo. Ulikuwa huduma ya ukoo na jirani, na malipo yake yalikuwa kanga, chakula na heshima.

Kwa nini basi singo, au kitu cha jamii yake, haikupanda kutoka pwani hadi Karatu mapema? Wengine hujibu kwamba mila za bara zilikataa. Jibu langu limo jikoni, kwenye debe la sukari na chupa ya mafuta. Skrabu ya leo, ukiiondolea jina na lebo, ni vitu vitatu: chembe za kusugulia, ambazo mara nyingi ni sukari, chumvi au kahawa, mafuta ya kuzishika, na harufu. Sasa rudi kwenye miaka ya baada ya vita vya Kagera, kati ya 1979 na 1984. Sukari ilikuwa ya mgawo. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya mgawo. Sabuni yenyewe, ya kufulia na ya kuogea, ilifuatiliwa kwa foleni, na mwaka 1983 Serikali ilipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, vitu vya kawaida kabisa vya matumizi ya nyumbani ndivyo vilivyokutwa vimefichwa maghalani. Katika nyumba ambayo sukari ilipimwa kwa kijiko na kufungiwa kabatini, mtu anayeipaka mwilini angeonekana amerukwa na akili. Gunzi liliendelea kutawala kwa sababu halikuliwa na binadamu. Bajeti ya 1984 ilipofungua mlango wa kuingiza bidhaa kutoka nje, na tangu mwishoni mwa 1985 kikaja kipindi cha Rais Mwinyi, yule Mzee Ruksa, rafu za maduka zilianza kujaa, na taratibu vitu vya jikoni vikapata ruhusa ya kuingia bafuni. Sioni mila iliyovunjwa hapo. Ninachokiona ni uhaba uliokwisha, na watu wakafanya ambacho pengine wangekifanya tangu zamani.

Barabara ilimalizia kazi. Kabla ya lami, gari lililotoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu hadi lango la Ngorongoro liliwashusha abiria wote wakiwa na rangi moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara hiyo ilitiwa lami kwa msaada wa Japani, na hoteli za kitalii zikaongezeka kwenye miteremko ambayo hapo awali ilikuwa mashamba ya kahawa tu. Njia ilishaonyeshwa na Gibb's Farm, shamba la tangu enzi za walowezi, lililoanza kupokea wageni mwaka 1972. Waliofuata walijifunza kwamba mgeni aliyeshinda kreta siku nzima, akirudi na vumbi masikioni, yuko tayari kulipia chumba chenye harufu nzuri na mikono ya kumsugua. Hapo ndipo kahawa ya Karatu iliporudi nyumbani kwa sura nyingine: imesagwa, imechanganywa na sukari na mafuta, imepakiwa kwenye kikopo, na kwenye orodha ya huduma za spa inauzwa kama zawadi ya nchi. Wasichana wa Tloma, Rhotia na Bashay walioajiriwa kufanya kazi hiyo waliondoka na ujuzi mikononi, na baadaye ujuzi huo ukashuka mjini. Leo saluni za Karatu hufanya skrabu, na msimu wake mkubwa ni ule wa sendofu. Juma la mwisho kabla ya binti kuagwa, mashangazi na mashoga zake humpeleka asuguliwe. Yaani kwa kuzunguka kupitia kwa mtalii, tumefika palepale alipokuwa somo wa Unguja, ila sasa anayesugua ni fundi wa saluni, na malipo ni fedha taslimu au simu.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi huisifu au kuilaani bila kuijua. Mwili huloweshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili tabaka la juu lilainike. Huchukuliwa kiasi cha kujaza kiganja, husuguliwa kwa mizunguko midogo kuanzia miguuni kupanda juu, magoti na viwiko vikipewa muda zaidi, shingo na kifua vikiguswa kidogo tu. Kama ni sukari, chembe huanza kali, kisha huyeyuka zenyewe, na fundi mzoefu hujua kwa kusikia mlio wake kwenye ngozi kwamba zimekwisha. Kama ni kahawa haziyeyuki. Hubaki mpaka zisuuzwe, na sakafu ya bafu hugeuka kahawia kiasi kwamba mgeni hudhani ni uchafu wake wote huo. Kinachotoka kweli ni ngozi iliyokufa, na hiyo ingetoka hata kama usingeigusa: seli za juu ya ngozi hujibadilisha kwa muda wa takriban wiki nne, zikadondoka bila taarifa. Skrabu huharakisha tu, na huondoa zile zilizogandamana na vumbi na mafuta ya jana. Baada ya hapo ngozi ni laini kwa siku mbili tatu na hupokea mafuta vizuri. Basi. Zile habari za kahawa kuyeyusha mafuta ya mapajani au kutoa sumu mwilini ni maneno ya kuuzia, na ushahidi wake ni mwepesi mno kwa mtu mwenye akili kuutolea hela.

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Nadhani singo, leleshwa na gunzi vimekwisha kuwajibu.

Wapo wengine wenye hoja nzito zaidi, kwamba kusugulia mwili chakula na kisha kusuuza kwa maji mengi, katika mji ambao maji yamekuwa kilio cha miaka na familia nyingi hununua kwa dumu, ni kukosa haya. Hoja hii naiheshimu, na nusu yake nakubaliana nayo. Sukari iliyosafishwa haina sababu ya kumwagwa bafuni Karatu. Lakini ukaidi wa kusema kwamba skrabu ni sukari tu ndio unaoipotosha hoja. Machicha ya kahawa, yaani kile kinachobaki baada ya kinywaji kuchujwa, hutupwa kila asubuhi katika hoteli zote kuanzia Rhotia hadi lango la hifadhi. Yakianikwa yakakauka kabisa ili yasiote ukungu, yana chembe zilezile na hayamnyang'anyi mtu chai. Pumba za ngano zipo. Mafuta ya alizeti hukamuliwa katika mikoa hii ya kaskazini na kati. Chumvi ni bei rahisi. Kuhusu maji, aliyepaka mafuta mengi ndiye anayehitaji maji mengi kusuuza. Mchanganyiko mkavu, ulioloweshwa kidogo tu kama ile singo ya pwani, hutoka kwa ndoo moja. Kilichotufunza kutumia hodhi zima ni desturi ya spa ya mtalii, mwenye bomba lisilokatika. Wala si lazima tuichukue pamoja na kikopo chake.

Hoja ninayoiogopa ni nyingine, na ingawa haisemwi sana kwenye saluni, ndiyo ingenifanya niikatae skrabu kabisa kama isingepatiwa jibu. Ni ile ya weupe. Kati ya bidhaa zilizoingia baada ya milango kufunguliwa, zilizoenea kwa kasi zilikuwemo krimu za kujichubua, na pamoja nazo ule mkorogo unaochanganywa nyuma ya kaunta, wenye haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi ambazo mahali pake ni hospitali. Madhara yake yanajulikana: ngozi hukonda, huota madoa meusi yasiyotoka, hushindwa kuponya kidonda kidogo, na zebaki hufika kwenye figo. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, viambato hivyo vikapigwa marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo mkorogo haujafa, na skrabu imekuwa mlango wake wa pembeni. Mteja anaambiwa asugue kwanza ili krimu iingie vizuri. Na ni kweli itaingia vizuri, hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu ngozi iliyotoka kuchunwa hupitisha sumu haraka kuliko ngozi iliyotulia. Au kikopo chenyewe kimeandikwa kwamba kinang'arisha, neno ambalo kila mnunuzi hulisoma anavyotaka. Kwa hiyo simlaumu mchungaji au mwalimu anayewakataza mabinti skrabu kwa kudhani ni mkorogo uleule. Ninachosema ni kwamba gunzi na mkorogo havikuwahi kuwa ndugu. Kusugua huondoa kilichokufa, na rangi iliyo chini yake ni yako, haibadiliki. Skrabu inayobadilisha rangi ina kitu kingine ndani yake, na hicho ndicho cha kupiga vita.

Jibu jepesi la siku hizi kwa hofu hiyo ni neno asilia. Eti kitu kikiwa cha asili hakina madhara. Kwa hilo nawatofautisha wauzaji wa kisasa na bibi zetu, ambao walijua vizuri kwamba majani mengine ni dawa na mengine ni kitanzi. Mafuta ya karafuu au mdalasini yakipakwa bila kupunguzwa makali huunguza. Manukato, ya maabara na ya maua sawasawa, ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio kutokana na vipodozi, ndiyo maana fundi mwangalifu hupaka kidogo nyuma ya mkono na kusubiri siku moja kabla ya kumsugua bibi harusi mwili mzima. Chembe ngumu zenye ncha, kama maganda ya kokwa yaliyosagwa ovyo, hukwangua uso na hazifai hapo. Wala wakubwa wa viwanda hawana cha kutufundisha kwa kiburi: kwa miaka mingi skrabu zao zilitiwa vipande vidogo vya plastiki vilivyopita kwenye mifereji hadi mitoni na baharini, mpaka Marekani ikavipiga marufuku kwa sheria ya mwisho wa 2015 na Uingereza ikafuata 2018. Gunzi halikumdhuru samaki yeyote.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mabadiliko yote haya. Zamani karibu kila kitu kilichoihudumia ngozi ya mtu wa Karatu kilitoka Karatu, isipokuwa sabuni. Leo kahawa inatoka hapa, alizeti haiko mbali, wafagiaji wa vumbi wapo na vumbi lenyewe lipo, lakini kikopo kinatoka Nairobi, Dubai au mbali zaidi, na mwenye shamba hulipwa kwa kilo ya kahawa ghafi wakati gramu chache za kahawa hiyo zinauzwa kwa mtalii kama anasa. Nitaambiwa kwamba vipodozi ni sayansi, haviwezi kutengenezwa kijijini. Lakini kule Paje, Unguja, ambako kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuuza mwani mkavu nje kwa bei ya kutupwa, wanawake wamejifunza kuusaga na kutengeneza sabuni na skrabu, na wageni huzinunua mlangoni. Na jirani yetu Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ilianza kutengenezwa krimu ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino, inayoitwa Kilisun, bidhaa inayohitaji umakini mkubwa kuliko kuchanganya kahawa na mafuta. Wataalamu wa ngozi wako mwendo wa siku moja kwa basi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, imekuwapo tangu 1973 na kufundisha utengenezaji wa sabuni ni kazi yake ya kila siku. Kinachokosekana ni vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama kuacha kuiona biashara ya ngozi kuwa upuuzi wa mabinti, na hoteli zinazojinadi kwa kahawa ya Karatu kukubali kununua kikopo cha Karatu, kilichopimwa na kusajiliwa TBS kama bidhaa nyingine yoyote.

Mpaka hapo hayo yatakapofanyika, anayekwenda saluni kwa ajili ya sendofu ya mwanawe aombe aonyeshwe kikopo chenyewe kabla hakijafunguliwa. Asome viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kikiwa hakina lebo, au kinaahidi weupe, akirudishe kwa mwenyewe na amwambie fundi atumie machicha ya kahawa na mafuta ya alizeti. Visigino vya binti vitakuwa laini vilevile siku ya sherehe.